Herufi za Juu ya Kivinjari Hazisomeki Baada ya Apdeti: Mwongozo Kamili wa Kuzirudisha

Mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliingia steshenari yangu hapa Sinza, Dar es Salaam, akiwa na laptop ndani ya mfuko wa kitenge. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Hii mashine imelala salama, imeamka haina maneno."

Nikaiwasha. Usiku ilikuwa imejipakia apdeti ya mfumo endeshi na kujizima yenyewe. Nilipofungua kivinjari, kurasa zilikuja vizuri tu, ila ule ukanda wa juu, palipo na vichupo, mishale ya kurudi nyuma na sehemu ya kuandika anwani, ulikuwa njano tupu kama papai lililoiva. Ukikaza macho unaona kivuli cha herufi, basi. Na mwalimu alikuwa ameshajitibu nyumbani: amebonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka maandishi ya ukurasa yakawa makubwa kama kichwa cha habari cha gazeti. Ukanda wa juu haukutikisika hata nukta moja.

Tangu Microsoft wafunge huduma ya masasisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamehamia Windows 11, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa na fundi, na malalamiko ya ukanda wa juu hayaishi hapa dukani. Wengi hufika wakiwa wameshakifuta kivinjari na kukipakia upya, wamekula bando, na tatizo bado lipo palepale. Ukielewa kwanza rangi ile inatoka wapi, mara nyingi kazi yote ni ya dakika tano.

Majina ya vitufe nitayaandika kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa sababu kompyuta nyingi zinazouzwa hapa mjini zimewekwa lugha hiyo.

Nani amepaka rangi?

Fikiria fremu ya biashara pale Kariakoo. Bidhaa ni za kwako, rafu umetengeneza mwenyewe, lakini kuta na taa ni za mwenye nyumba. Ukurasa wa intaneti ndio bidhaa. Ukanda wa juu, ambao wataalamu huuita upauzana, ndio rafu: ni mali ya kivinjari. Mfumo endeshi, yaani Windows, macOS, Android na wenzao, ndiye mwenye nyumba. Kwa kawaida kivinjari humuuliza mwenye nyumba: leo tuko mwanga au giza? Rangi yako kuu ni ipi? Herufi zako zina ukubwa gani? Kikishajibiwa, kinapaka rafu zake zifanane na kuta.

Apdeti kubwa ni mwenye nyumba kupaka rangi upya bila kukuaga. Rafu zilizokuwa zikisubiri maelekezo yake zitabadilika nazo. Zile ulizozipaka mwenyewe zitabaki na rangi yako. Shida huzaliwa pale nusu inapobadilika na nusu inapobaki.

Ndiyo maana Ctrl na + haikumsaidia mwalimu: inakuza bidhaa, haigusi rafu. Ukiwa umeshafanya hivyo, bonyeza Ctrl na 0 ukurasa urudi asilimia 100, tuanze na meza safi.

Kabla hujagusa kitu

Zima kompyuta na uiwashe tena kwa "Restart", si kwa kufunga kifuniko. Apdeti nyingi huacha kazi nusu hadi mashine iwashwe mara ya pili, na kivinjari nacho kinaweza kuwa na toleo jipya linalosubiri kufungwa na kufunguliwa. Tatizo lisiloisha kwa hilo ndilo la kushughulikia.

Kisha piga picha ya skrini kwa simu. Si mzaha: baada ya kubadilisha mambo manne hutakumbuka hali ilikuwaje mwanzo, na ukilazimika kwenda kwa fundi, picha itamwambia mengi kuliko maelezo yako.

Usifute kivinjari. Kukifuta na kukirudisha mara nyingi hakusaidii, kwani mipangilio yako hubaki kwenye folda ya wasifu na kivinjari kipya kinaikuta pale pale. Na ukimpata fundi mwenye bidii ya kufuta hadi folda hiyo, umepoteza nywila zote ulizohifadhi: ya barua pepe, ya bodi ya mikopo, ya mfumo wa kodi. Nimeona mtu mzima akitokwa machozi kwenye benchi langu kwa jambo hilo.

La mwisho hapa, badilisha kitu kimoja kwa wakati, angalia, ndipo uende kingine.

Ugonjwa upi?

"Siyaoni maandishi" ni malalamiko ya magonjwa manne tofauti. Kuna herufi zilizomezwa na rangi: zipo, lakini zinafanana na usuli wake. Kuna herufi ndogo mno. Kuna herufi zenye ukungu, kama unasoma kupitia kioo cha daladala msimu wa mvua. Na kuna ukanda ulioharibika kabisa: weusi mtupu, vipande vinavyotokea na kupotea unapopitisha kipanya.

Kama ukanda haupo kabisa, hata rangi yake, jaribu F11 kwanza. Kitufe hicho hujaza skrini nzima kwa ukurasa na kuficha kila kitu cha juu. Kinabonyezwa kwa bahati mbaya kuliko watu wanavyokubali.

Sasa tafuta mwenye kosa. Fungua kivinjari kingine chochote, au folda ya kawaida ya kompyuta. Kama nako juu hakusomeki, tatizo liko kwa mwenye nyumba, yaani mfumo. Kama kwingine ni safi, tatizo ni la kivinjari chako au la mapambo uliyoyaweka.

Kwenye Firefox kuna kipimo kizuri zaidi. Bonyeza kitufe cha mistari mitatu, nenda "Help", kisha "Troubleshoot Mode". Kivinjari kitajifungua upya bila viendelezi (programu ndogo za nyongeza), bila mandhari (vazi la rangi na picha) uliyoweka, bila marekebisho ya mkono na bila kutumia kadi ya grafiki. Herufi zikirudi, mkosaji ni mmoja wa hao wanne. Kwenye Chrome, bonyeza picha yako ya wasifu juu kulia na ufungue dirisha la mgeni, "Guest". Usitumie dirisha la faragha kama kipimo kwenye Firefox: lenyewe huvaa rangi za giza kwa makusudi, litakudanganya.

Herufi zimemezwa na rangi

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoangukia, kwa hiyo tukae kidogo.

Usomekaji wa herufi unapimika. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, unaojulikana kwa kifupi WCAG, unataka mwanga wa herufi za kawaida na wa usuli wake utofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Maandishi ya ukubwa mkubwa, pamoja na alama za vitufe, yanaruhusiwa kushuka hadi 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, hakuna zaidi ya hapo. Nyeupe juu ya njano kali ni 1.07 kwa 1, yaani karibu na hakuna. Njano ile ile ikiandikwa kwa nyeusi inaruka hadi 19.56 kwa 1. Kumbuka njano hiyo, tutarudi kwa mwalimu.

Anza na mfumo. Kwenye Windows 11 fungua "Settings", ingia "Personalization", kisha "Colors". Sehemu ya "Choose your mode" ina majibu matatu: "Light", "Dark" na "Custom". Hiyo ya tatu ndiyo yenye kelele. Inakuruhusu kuweka Windows yenyewe giza na programu mwanga, au kinyume chake, na vivinjari hujibu mchanganyiko huo kila kimoja kwa namna yake. Chagua "Light" tupu, angalia kivinjari. Kisha jaribu "Dark" tupu. Moja kati ya hizo likisomeka, umeshajua njia.

Ukiwa hapo hapo, shuka chini. Zima "Transparency effects", yaani ule mwonekano wa kioo unaoruhusu rangi ya picha ya nyuma kupenya. Kisha angalia "Show accent color on title bars and window borders". Ikiwa imewashwa, Windows inapaka vichwa vya madirisha kwa rangi kuu uliyochagua, na kama rangi hiyo ilichaguliwa kiotomatiki kutoka kwenye picha ya skrini, inaweza kuwa lolote. Izime.

Sehemu ya tatu ya kukagua ni "Accessibility", kisha "Contrast themes". Hizi ni rangi maalumu kwa watu wenye uoni hafifu, na zikiwashwa hutawala kila programu. Zinawashwa pia kwa vitufe: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja. Windows huuliza kwanza, ila mtoto anayecheza na kibodi hujibu ndiyo kwa kila kitu. Rudisha kwenye "None" na ubonyeze "Apply". Kwa upande mwingine, kama macho yako kweli hayaoni vizuri, ziache ziwe mali yako. Mimi huwashauri wazee wenye mtoto wa jicho wazijaribu kabla ya kununua skrini kubwa.

Kidokezo kabla ya kwenda mbele: dirisha usilolitumia kwa wakati huo hufifia kwa makusudi ili ujue lipi liko mbele. Bofya ndani ya dirisha kwanza, ndipo ulaumu rangi.

Mfumo ukiwa safi, hamia kwenye kivinjari. Chrome: fungua kichupo kipya, chini kulia kuna kitufe cha "Customize Chrome". Hapo utachagua "Light", "Dark" au "Device", na "Device" maana yake "mfuate mwenye nyumba". Kama uliwahi kuweka mandhari ya picha, kuna sehemu ya kurudisha ya asili. Edge: fungua "Settings", kisha "Appearance", utakuta chaguo hizo hizo tatu. Firefox: andika about:addons kwenye sehemu ya anwani, bonyeza Enter, chagua "Themes". Kama huoni unachoandika, usijali, bonyeza Ctrl na L, andika kwa kukisia, herufi zinaingia hata kama hazionekani. "System theme" humfuata mwenye nyumba, wakati "Light" na "Dark" husimama zenyewe.

Ushauri wangu, na najua wapo watakaopinga: kama kompyuta ni ya kazi, usiache kivinjari kimfuate mwenye nyumba. Kipe "Light" au "Dark" yake. Apdeti ijayo ikija kubadilisha kuta, rafu zako zitabaki.

Sasa mwalimu. Kompyuta yake ilisomeka vizuri kila mahali isipokuwa kwenye kivinjari chake, Firefox, na "Troubleshoot Mode" ikarudisha herufi zote. Hakuwa na kiendelezi hata kimoja. Nikaandika about:support, nikatafuta mstari wa "Profile Folder", nikabonyeza "Open Folder", na ndani nikakuta folda inayoitwa chrome. Jina hilo lisikuchanganye, halihusiani na kivinjari cha Google. Ndani yake kulikuwa na faili moja, userChrome.css, lenye mistari michache ya kupaka ukanda wa juu njano.

"Mwalimu, nani ameweka hii?"

"Mjukuu wangu. Yuko chuo, anasomea hayo makompyuta. Yanga damu."

Mjukuu alipaka usuli njano lakini hakutaja rangi ya herufi. Hazikuwa na shida mfumo ulipokuwa kwenye mwanga, kwa sababu Firefox ilileta herufi nyeusi yenyewe. Baada ya apdeti mfumo ukawa giza, Firefox ikafuata, ikaleta herufi nyeupe. Nyeupe juu ya njano. Njano haikusogea, iliandikwa kwa mkono.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kubadilisha jina la folda ile, kwa mfano iwe chrome-zamani, na kufungua kivinjari upya. Mapambo yote yanaondoka na hakuna kilichofutwa. Ya pili ni kwenda about:addons na kuweka "Light", ili herufi ziwe nyeusi daima. Nikamuuliza anapenda ipi. "Usiiguse njano ya mtoto," akasema. Tukaweka "Light".

Wewe uliyeandika faili kama hilo mwenyewe, ongeza tu mstari wa color kila unapoweka background. Nawe uliyewahi kuchezea chrome://flags, ukurasa wa mipangilio ya majaribio ya Chrome, kwa ushauri wa video fulani, rudi huko ubonyeze "Reset all" kabla ya kuhangaika na lingine lolote.

Herufi zipo, ila ni ndogo

Kwenye Windows nenda "Settings", "System", "Display". Mstari wa "Scale" ndio unaokuza kila kitu, pamoja na ukanda wa kivinjari. Apdeti au draiva mpya (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa, kama skrini) ikishusha 125% hadi 100%, kila kitu hupungua kwa mkupuo. Rudisha. Lakini kuwa na kiasi: laptop nyingi za mtumba tulizonazo zina skrini ya nukta 1366 kwa 768, na ukiweka 125% nafasi ya kufanyia kazi inabaki sawa na nukta 1093 kwa 614. Baadhi ya fomu za serikali zitakuwa na kitufe cha kutuma kilichojificha chini ya skrini, nawe utadhani tovuti imekwama.

Njia ya kati ni "Accessibility", kisha "Text size", inayokwenda kutoka 100% hadi 225%. Inakusudiwa maandishi zaidi kuliko kila kitu, ingawa Firefox huichukulia kama amri ya kukuza ukanda pamoja na kurasa.

Ukitaka kugusa kivinjari peke yake, Firefox inakubali. Andika about:config, kubali onyo, tafuta layout.css.devPixelsPerPx. Utakuta -1, maana yake "mfuate mwenye nyumba". Weka 1.1, angalia, kisha 1.2, angalia. Usirukie 3 kwa pupa, madirisha yatakuwa makubwa kuliko skrini na kurudi itakuwa kazi. Kwa kuwa kurasa nazo zitakua, nenda "Settings", "General", ushushe "Default zoom" mpaka uridhike. Ukanda mkubwa, kurasa za kawaida: ndicho mwalimu alichokuwa anakitafuta kwa Ctrl na +, kwa njia ndefu kidogo.

Anayetumia Firefox kwenye skrini ya kugusa aangalie pia "Customize toolbar", chini kuna "Density". "Touch" inatanua nafasi kati ya vitufe. Haikuzi herufi, ila kidole hakikosei tena.

Chrome haina kitufe cha kukuza ukanda wake. Kuna njia ya kando: bofya kulia njia ya mkato ya Chrome kwenye skrini, chagua "Properties", na mwishoni mwa mstari wa "Target", baada ya alama ya kufunga nukuu, acha nafasi moja kisha uandike --force-device-scale-factor=1.25. Funga Chrome yote kabisa kabla ya kujaribu. Inafanya kazi pale tu unapofungulia kwenye njia hiyo ya mkato, kwa hiyo ukifungua kwa kubofya kiungo ndani ya barua pepe wakati Chrome imefungwa, utaikuta na ukubwa wake wa zamani.

Ukungu na vipande vyeusi

Ugonjwa huu una asili yake hapa mjini. Windows 11 rasmi inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu ukiacha chache. Laptop nyingi za mtumba ni za kizazi cha 4, 5 au 6. Fundi anajua vichochoro vya kuruka masharti hayo, mashine inawaka, mteja anafurahi. Kisha anagundua herufi zina ukungu. Mara nyingi draiva ya grafiki haikupatikana.

Hakiki hivi: bofya kulia kitufe cha Start, chagua "Device Manager", fungua "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", umempata mwizi. Hiyo ni draiva ya dharura: inaonyesha picha, haijui mengi zaidi. Nenda "Windows Update", "Advanced options", "Optional updates", uone kama draiva yako inasubiri hapo. Kama haipo, pakua kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop kwa kuandika namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Draiva ya Windows 10 kwa modeli hiyo mara nyingi hukubali. Usipakue zile programu zinazojitangaza kuwa zitatafuta draiva zote kwa ajili yako; nimeshasafisha uchafu wake mara nyingi mno.

Kama draiva yako ipo na jina sahihi lakini shida ilianza siku ya apdeti, bofya mara mbili jina hilo, ingia "Driver", bonyeza "Roll Back Driver" kama kitufe kinakubali.

Kisha hakikisha "Display resolution" iko kwenye ile iliyoandikwa "Recommended". Ukungu wa herufi pekee, kila kitu kingine kikiwa sawa, jaribu kutafuta "ClearType" kwenye Start na ufuate kurasa zake, unachagua tu maandishi yanayoonekana vizuri machoni mwako. Ifanye kwenye skrini unayotumia kila siku, si ya ofisini kwa rafiki.

Vipande vyeusi na herufi zinazopotea na kurudi ni suala la kivinjari na kadi ya grafiki kutoelewana. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B: skrini itapepesa, draiva inawashwa upya, hakuna kazi inayopotea. Ikirudia baada ya muda, zima msaada wa grafiki kwenye kivinjari. Chrome: "Settings", "System", zima "Use graphics acceleration when available". Firefox: "Settings", "General", kwenye "Performance" toa alama ya mipangilio iliyopendekezwa, kisha toa ya "Use hardware acceleration when available". Gharama yake ni kwamba video zitalemea prosesa, feni itapiga kelele na betri itakwisha haraka. Siku umeme umekatika utaijua tofauti, kwa hiyo ukipata draiva nzuri, washa tena.

Kwenye simu

Android: ndani ya Chrome bonyeza nukta tatu, "Settings", "Theme". Iondoe kwenye kumfuata mwenye nyumba, uweke "Light" au "Dark". Kwa anayeshinda kwenye bodaboda au kibandani, "Light" inasomeka zaidi chini ya jua la saa saba. Rangi za giza ni za usiku chumbani. Kwenye mipangilio ya simu yenyewe, fungua "Display" urekebishe "Font size", kisha uende "Accessibility" na kuzima "Color inversion" kama imewashwa. Palepale tafuta chaguo la herufi zenye utofauti mkubwa wa rangi. Jina lake hutofautiana kati ya simu na simu. Kama uliwahi kufungua "Developer options", hakikisha "Override force-dark" imezimwa, maana hiyo hulazimisha giza hata kwa programu isiyolijua.

iPhone na Mac sizipati sana hapa Sinza, lakini tangu iOS 26 na macOS Tahoe zitoke Septemba 2025 na mwonekano wake wa kioo, zimeanza kuja. Kwenye iPhone: "Settings", "Accessibility", "Display & Text Size", washa "Reduce Transparency", na ikibidi "Increase Contrast". Kuanzia iOS 26.1 kuna pia "Liquid Glass" ndani ya "Display & Brightness"; chagua "Tinted" kioo kiwe kizito. Kwenye Mac, vile viwili vya kwanza viko "System Settings", "Accessibility", "Display".

Yakishindikana

Firefox ina "Refresh Firefox" ndani ya about:support. Inaondoa viendelezi na marekebisho, inaacha alamisho, historia na nywila. Chrome ina "Reset settings", nayo haifuti alamisho wala nywila, ila inazima viendelezi. Hata hivyo hakikisha nywila muhimu unazo mahali pengine kwanza.

Na kama ni Windows yenyewe iliyohamishwa toleo, una siku 10 za kurudi nyuma kupitia "System", "Recovery", "Go back". Zikipita, mlango huo unafungwa. Apdeti ndogo ya mwezi unaitoa "Windows Update", "Update history", "Uninstall updates". Kumbuka tu kwamba apdeti hizo zimebeba pia viraka vya usalama. Mimi huitoa pale tu njia zote za juu zimegonga mwamba, na huirudisha mara draiva ikipatikana.

Mwalimu alijaribu mwenyewe kuandika anwani, akasoma kila herufi kwa sauti kama anavyosomesha darasa la kwanza. Kisha akatoa flashi kwenye pochi. "Haya, mwanangu, nilikuja kuchapisha. Kurasa tatu, pande mbili."

Nikamwambia printa imeishiwa wino mweusi, asubiri kidogo nivuke barabara.